Kashata ya Khitma na Bakteria wa Maabara



Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, vinavyoonekana kwa macho na visivyoonekana. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake. Ama baad.

Wiki hii tumekusudia kuandika juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza litaonekana kuwa la wataalamu wa maabara peke yao. Hata hivyo limekwisha kuingia chuoni kwetu, na huenda limeingia nyumbani kwako pia, ewe msomaji mpenzi. Ni jambo la mzio wa chakula, na namna wanasayansi wanavyowatumia bakteria kutengeneza zile protini zinazowadhuru wenye mzio. Lakini kabla ya kufika huko hatuna budi kuanza na kosa letu wenyewe, kwani si insafu kumnasihi mwengine ilhali tunaficha la kwetu.

Siku ya khitma, kama ilivyo ada, watoto waligawiwa kashata za njugu baada ya dua. Mtoto mmoja wa kiume, umri wake miaka saba, alirudisha mkono nyuma akasema hataki. Tulipomuuliza sababu alijibu, "Maalim, njugu zaniwasha mdomo." Tulicheka. Tulimwambia kuwa tabaruku haikataliwi, na kuwa mtoto mwenye adabu hupokea anachopewa na mkubwa. Akala kwa kututii. Haikupita robo saa, midomo ikamvimba, ngozi ikatoka mabaka, akatapika, kisha sauti ikamkauka na pumzi zikaanza kumpaa. Tulimpakia kwenye tuktuk tukamkimbiza hospitali, huku tukisoma kila dua tuliyoijua. Daktari hakutuuliza mengi. Alimdunga sindano ya adrenalini pajani, na kwa uwezo wake Allah pumzi za mtoto zikarejea.

Mamake hakutugombeza. Wiki chache baadaye alikuja kwetu na karatasi ya maabara yenye majibu ya damu ya mwanawe. "Maalim," alisema, "mama mkwe hakubali kuwa ni ugonjwa. Asema mtoto kapigwa jicho, na kuwa katika ukoo wao hakuna aliyewahi kudhurika kwa njugu. Ataka tumlishe kidogo kidogo mpaka azoee. Na mimi nimeambiwa kuwa hata kipimo chenyewe kimetengenezwa kwa bakteria wa chooni. Sasa nifuate lipi?" Ametupa ruhusa ya kuyaandika maneno yake bila ya kumtaja jina. Makala haya ndiyo jawabu yetu kwake, kwa mama mkwe wake, na kwa kila nyumba yenye swali kama hilo.

Mzio ni nini?

Ugonjwa huu si uzushi wa zama hizi. Tabibu wetu mkubwa Abu Bakr al-Razi, aliyefariki yapata mwaka 925, aliandika risala fupi kuhusu mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyekuwa akishikwa na mafua kila msimu wa machipuko aliponusa maua ya waridi. Waridi haliwadhuru watu wote, lakini mwili wa Abu Zayd ulilikataa. Al-Razi hakulidharau jambo hilo, bali alilichunguza na kuliandikia.

Mwaka 1902 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walieleza jambo lililowashangaza. Walikuwa wakiwadunga mbwa sumu ya anemoni wa baharini wakitaraji kuwazoesha. Mbwa waliopona mara ya kwanza walipodungwa tena baada ya wiki kadhaa, kwa kipimo kidogo tu, walianguka na kufa upesi. Mwili haukuwa umezoea. Ulikuwa umejifunza kushituka. Kwa kazi hiyo Richet alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1913. Tunamwomba mama mkwe alizingatie sana tukio hili, kwani ndilo linalotufanya tuwe na hofu na ushauri wa kumzoesha mtoto nyumbani.

Kwa ufupi, mwili una askari wake wa kuulinda dhidi ya maradhi, nao huitwa kingamwili. Aina moja ya kingamwili, iitwayo IgE, iligunduliwa katika miaka ya 1960, na miongoni mwa wagunduzi wake ni mume na mke kutoka Japani, Kimishige na Teruko Ishizaka, waliokuwa wakifanya kazi Marekani. Kwa mwenye mzio, IgE huidhania protini ya chakula kuwa ni adui. Hujibandika juu ya seli maalumu na kungojea. Protini ile ikiingia tena, seli humwaga kemikali zinazovimbisha, zinazowasha, zinazobana njia za hewa, na wakati mwengine kushusha shinikizo la damu hata mtu akazirai. Kwa hivyo adui si njugu nzima wala kamba mzima. Ni protini chache zilizomo ndani yake.

Bakteria wanaingiaje?

Ndani ya njugu moja mna protini nyingi zilizochanganyika, na zaidi ya kumi kati yake zimetambuliwa kuwa zaweza kuleta mzio. Wataalamu wamezipa majina kutokana na jina la kisayansi la mmea wenyewe, Arachis hypogaea. Ndiyo maana katika karatasi ya mama yule mliandikwa "Ara h 2". Tatizo la madaktari lilikuwa hili: ukisaga njugu ukapima damu kwa mchanganyiko wake, huwezi kujua damu imeikataa protini ipi. Na mchanganyiko wa leo hauwi sawasawa na wa kesho, kwani njugu hutofautiana kwa mbegu, udongo na ukaangaji.

Hapo ndipo walipotumikishwa bakteria. Kila protini ina maelekezo yake katika chembe za urithi, na maelekezo hayo huitwa jeni. Wanasayansi huichukua jeni ya protini moja tu ya njugu, wakaiingiza katika kijipete kidogo cha chembe za urithi, kisha wakakitia kijipete kile ndani ya bakteria. Bakteria huisoma jeni ile ngeni na kuitengeneza protini yake kana kwamba ni yake mwenyewe. Katika hali nzuri bakteria aina ya Escherichia coli huweza kugawanyika wawili kila baada ya dakika 20 hivi, kwa hivyo usiku mmoja watosha kupata majeshi yao. Baada ya hapo hupasuliwa, na protini inayotakiwa ikachujwa na kutakaswa peke yake, bila ya kuwamo njugu.

Mwenye kushangaa na akumbuke insulini. Zamani insulini ya wagonjwa wa kisukari ilitolewa katika makongosho ya ng'ombe na nguruwe. Mwaka 1978 wanasayansi wa Marekani walifaulu kuwafanya bakteria hao hao waitengeneze insulini ya binadamu, na mwaka 1982 ikaidhinishwa kutumika. Wangapi miongoni mwa wazee wetu wanadungwa insulini ya namna hii kila siku, nao wameepukana na ile ya nguruwe!

Kazi hii ina upungufu wake. Bakteria hawazipambi protini kwa sukari kama mmea unavyofanya, na pengine protini hutoka bila ya kukunjwa sawasawa, mfano wa kilemba kilichofungwa vibaya: kitambaa ni kile kile, lakini umbo silo. Kingamwili hutambua umbo. Kwa hivyo wataalamu hulazimika kuhakiki kwanza kuwa protini ya bakteria inafanana kweli na ile ya njugu.

Faida yake katika kipimo

Ara h 2 ni protini sugu. Haivunjwi kwa urahisi na tumbo, wala kukaangwa hakuiondolei nguvu zake. Ipo nyengine iitwayo Ara h 8, ambayo huvunjika kwa wepesi, na mara nyingi huonekana katika damu za watu wa nchi za baridi kwa sababu inafanana na protini ya chavua ya mti wao mmoja. Watu wawili wanaweza wote kuonekana wana mzio wa njugu kwa kipimo cha zamani, mmoja akawa katika hatari kubwa na wa pili akawashwa ulimi tu. Kupima protini moja moja humsaidia daktari kuwatenganisha. Hata hivyo kipimo peke yake si hukumu. Daktari hukitazama pamoja na yale yaliyompata mgonjwa alipokula. Mtoto wetu yalimpata tuliyoyaeleza, na damu yake imeikataa Ara h 2. Ushahidi hapo ni wa pande mbili.

Kwetu sisi watu wa bahari kuna mfano mwengine. Mzio wa kamba na kaa husababishwa zaidi na protini iitwayo tropomiosini, nayo pia imetengenezwa kwa bakteria ili kupimia. Protini hii hustahimili moto, ndiyo maana kumchemsha kamba mpaka akageuka mwekundu hakumsaidii mwenye mzio. Ajabu ni kuwa mende na utitiri wa vumbi la magodoro nao wana tropomiosini inayofanana na ya kamba, na damu ya baadhi ya watu huzichanganya. Samaki wenye mapezi wana protini nyengine kabisa. Kwa hivyo asiyekula kamba si lazima anyimwe changu au nguru, maadamu daktari amehakikisha.

Je, bakteria wanaweza kutibu?

Wengine walitamani zaidi ya kipimo. Walifikiri hivi: tukibadilisha kidogo zile sehemu za protini ambazo IgE huzishika, je, hatuwezi kuufunza mwili uizoee njugu bila ya kuushitua? Watafiti wa Marekani walizibadilisha protini tatu, Ara h 1, 2 na 3, wakawafanya bakteria wazitengeneze, kisha wakawaua bakteria wale na kuziacha protini ndani yao kama ndani ya mfuko. Panya waliopewa tiba hiyo walipata kinga. Likabaki swali la wanadamu.

Jaribio la kwanza kwa watu lilichapishwa mwaka 2013. Wagonjwa 10, wote watu wazima, walipewa tiba ile kupitia njia ya haja kubwa, kipimo kikiongezwa wiki baada ya wiki. Watano kati yao hawakuweza kumaliza kwa sababu ya madhara, na wawili katika hao walipata mshituko mkali wa mwili mzima. Tiba hiyo haikufika katika maduka ya dawa. Tunaeleza haya ili asije mtu akamwendea mama mwenye dhiki na chupa mkononi akamwambia kuwa dawa ya mzio imepatikana.

Tiba iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2020 kwa watoto wa miaka 4 hadi 17 ni unga wa njugu zenyewe, uliopimwa kwa uangalifu mkubwa, unaoanzwa mbele ya daktari kwa kiasi kidogo mno na kuongezwa kwa miezi. Nayo haiponyi. Inapunguza hatari ya kula njugu kwa bahati mbaya, na mgonjwa huendelea kuziepuka na kubeba sindano yake ya adrenalini. Basi fikra ya mama mkwe ya "kidogo kidogo" ina asili. Ila kidogo cha daktari hupimwa kwa miligramu, na kidogo cha jikoni hupimwa kwa vidole.

Tahadhari kwa wanunuzi

Elimu hii ina upande wa pili. Katika miaka ya 1990 kampuni moja ya mbegu ya Marekani ilitia jeni ya kokwa ya Brazili ndani ya soya ili kuongeza lishe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa damu za wenye mzio wa kokwa ile ziliikataa na soya pia. Jeni ilikuwa imeuhamisha mzio. Soya ile haikuuzwa. Ndiyo maana vyakula vya jeni iliyohamishwa huchunguzwa mzio kabla ya kuruhusiwa.

Vivyo hivyo, tangu mwaka 2019 imeuzwa Marekani aiskrimu yenye protini ya maziwa iliyotengenezwa na kuvu katika matangi, bila ya ng'ombe. Mtu akisoma "bila ng'ombe" aweza kudhani ni salama kwa mwanawe mwenye mzio wa maziwa. Sivyo. Protini ni ile ile, na mzio ni ule ule. Wenye jamaa ng'ambo wanaotuletea vyakula vya paketi na wasome maandishi yote, hata yale madogo ya chini.

Hukumu yake

Tumeulizwa juu ya "bakteria wa chooni". Ni kweli kuwa Escherichia coli huishi ndani ya matumbo ya watu na wanyama, na kizazi kimoja mashuhuri cha maabara kilitolewa katika choo cha mgonjwa mwaka 1922. Lakini bakteria wanaotumika leo ni wa vizazi visivyohesabika baada ya hapo, waliooteshwa katika vyombo safi. Na protini inayopatikana hutakaswa mpaka ibaki peke yake.

Katika kipimo cha damu hakuna kinacholiwa wala kuingizwa mwilini. Ni tone la damu linalopelekwa kwenye protini. Hatuoni hapo uzito wowote wa kisheria, na mama huyu asiwe na wasiwasi nacho.

Ikija siku ya dawa inayomezwa au kudungwa, la kuuliza si bakteria tu, bali ni chakula walichooteshewa. Mchuzi wa maabara mara nyingi hutengenezwa kwa protini ya maziwa iliyovunjwa kwa kimeng'enya cha kongosho, nacho huweza kutoka kwa nguruwe. Madhehebu yetu ya Shafii yameubana mlango wa istihala, yaani kugeuka kwa najisi ikawa tohara: siki iliyotokana na mvinyo kwa kugeuka yenyewe, ngozi iliyodabaghiwa isiyokuwa ya mbwa na nguruwe, na mfano wa hayo. Wenzetu wa Hanafi wameupanua zaidi. Kwa hivyo dawa ya aina hiyo itahitaji kutazamwa kwa namna yake, ikizingatiwa pia kuwa dharura ya kuokoa uhai ina hukumu zake. Haya ni maelezo na si fatwa. Fatwa huulizwa wenye kustahiki, kwa dawa maalumu na mgonjwa maalumu.

Kwa mama, na kwa mama mkwe

Bibi wa mtoto huyu si mjinga. Katika jambo moja amepatia kuliko madaktari wengi wa jana. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanyika London kwa watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, waliokuwa na pumu kali ya ngozi au mzio wa mayai. Nusu yao walilishwa vyakula vya njugu tangu uchanga, na nusu waliepushwa. Miongoni mwa wale ambao ngozi zao hazikuonyesha dalili mwanzoni, walipofika miaka 5, waliopata mzio katika walioepushwa ni asilimia 13.7, na katika waliokula ni asilimia 1.9 tu. Wazee wetu waliowalambisha watoto uji wa njugu huenda walikuwa wakiwakinga bila ya kujua.

Lakini kukinga si kutibu. Mtoto ambaye tayari mwili wake umeshituka hajaribiwi nyumbani. Mtoto mchanga mwenye pumu kali ya ngozi huonyeshwa daktari kwanza. Na njugu nzima hazipewi mtoto mdogo, zisije zikamkaba koo.

Ama jicho, hatukatai kuwa lipo, na kumsomea mtoto ni jambo jema. Asomewe akiwa njiani kuelekea hospitali. Midomo ikivimba, sauti ikikauka au pumzi zikibana, tembe za kuzuia mwasho hazitoshi. Kinachohitajika ni adrenalini, nayo haingojei. Mtoto alazwe, miguu iinuliwe, na asisimamishwe wala kutembezwa. Ikiwa pumzi zimembana, aachwe akae. Tena walimu, majirani na wapishi wa shughuli waambiwe, kwani njugu hujificha katika mchuzi na kashata, na lozi na korosho katika halua.

La mwisho ni letu sisi walimu. Imepokewa kuwa Mtume wetu (S.A.W.) aliandaliwa nyama ya mjusi mkubwa wa jangwani, akajizuia kuila bila ya kuwakataza waliokuwa naye. Hakuna aliyemlazimisha, wala hakumtahayarisha aliyeipika. Ikiwa mbora wa viumbe alikuwa na haki ya kusema "mimi sili", vipi sisi tulimnyima haki hiyo mtoto wa miaka saba aliyekuwa akitueleza ukweli? Tulimtaka radhi mbele ya wenzake. Siku hizi chuoni kwetu kila mzazi huulizwa, mtoto anapoandikishwa, ni chakula gani kinachomdhuru, na khitma zetu hugawiwa tende.

Tunamwomba Allah amhifadhi mtoto huyu na watoto wetu sote, atusamehe tuliyoyakosea kwa kutojua, na atujaalie tuwasikilize wadogo wetu wanaposema kitu kinawauma.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.